Ati ujue misuli yote kwanza ndo uchore mtu akiruka?

Wanaoanza kuchora wengi wanaamini lazima ukariri misuli yote ndo mhusika wako arushe teke likakubalika. Si kweli bana. Kinachomuua kwa karatasi ni mgongo ulionyooka na mabega yaliyo sambamba na nyonga. Nenda hapo Lamu siku ya mashindano ya jahazi umuangalie baharia alivyojitupa nje juu ya ubao upepo ukikaza, kutoka kisigino hadi kisogo ni mstari mmoja tu umepinda, chora huo kwanza, sekunde 30, bila uso bila vidole (vidole vinamaliza watu). Halafu uzito: kitovu kikipita nje ya nyayo anaanguka, anakimbia, ama kuna kamba inamshikilia, kikibaki katikati amesimama tu, hata umjazie misuli vipi.