Kafi la kayaki: dhana zinazochosha mabega bure

Anayepanda kayaki kwa mara ya kwanza huchagua kafi lenye bapa (ile sehemu ya ncha inayosukuma maji) pana kuliko yote, kisha hulivuta kwa mikono. Nami nilianza hivyohivyo Mida Creek, kule Watamu, maji yakitoka. Baada ya nusu saa bega la kulia lilikuwa linawaka, na mikoko ya ng'ambo iko palepale.

Dhana ya kwanza: "Kayaki huendeshwa kwa nguvu za mikono." Mikono inashika tu, kinachoendesha ni kiwiliwili. Keti wima, zungusha kiuno mpaka bega la upande unaopiga litangulie mbele, chomeka bapa karibu na vidole vya mguu, halafu fumua msokoto huo huku mguu wa upande uleule ukisukuma kikanyagio. Likifika nyonga, litoe. Ukiliburuta hadi nyuma ya mgongo unanyanyua maji tu, na omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda upande. Vidole navyo visikabe mpini, maana mshiko wa kukaba ndio unaoumiza kifundo cha mkono.

"Bapa jembamba halina nguvu." Hii inanisikitisha kuliko zote, kwa sababu inadharau ustadi wa watu waliokiishi chombo hiki. Wainuiti wa Greenland waliwinda sili baharini kwa kafi la mti lenye bapa refu, upana wake ni ule ambao kiganja kinaweza kuukumbatia. Kipimo chake hutoka mwilini mwa mwenye kafi, na sisi Waswahili tunacho kwa jina: pima moja na dhiraa moja. Nyoosha mikono yote miwili, chukua urefu wa ncha hadi ncha, ongeza kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa watu wengi huja kama mita 2.1 hadi 2.3.

Kwa kuwa bapa ni refu, eneo linaloshika maji si dogo kama macho yanavyodhani. Kinachotakiwa ni kulilaza kidogo, ukingo wa juu ukielekea mbele, liingie kimyakimya bila kuvuta hewa. Ukilipiga kwa pupa bila kulilaza, litatetema na kuteleza, ndipo watu husema halifai. Tena mkono unaweza kuteleza hadi kwenye bapa lenyewe ili kafi lifike mbali zaidi, jambo la thamani sana unapojiinua baada ya kupinduka.

"Kafi refu ni kafi bora." Inategemea unavyopiga. Anayesimamisha mpini, mkono wa juu ukifika usawa wa macho, hutaka kafi fupi la sentimita 205 hadi 215 hivi, lenye bapa fupi na pana. Anayelaza mpini, mkono wa juu usivuke bega, huhitaji sentimita 220 hadi 240 na bapa jembamba zaidi. Ndiyo mtindo wa safari ya kutwa nzima. Kwenye maporomoko ya Nile karibu na Jinja wanatumia mafupi zaidi, mara nyingi chini ya mita 2.

"Mabapa yaliyopishana pembe ni ya mabingwa tu." Si cheo. Ni bapa moja kugeuzwa lisilingane na la ncha ya pili, na pembe hiyo hupunguza upepo wa mbele unaolipiga bapa lililo hewani. Upepo wa ubavuni ukija, faida inageuka. Kafi la Greenland halina pembe kabisa.

"La kasi zaidi linamfaa kila mtu." Kafi la bawa, lililoanzia Sweden miaka ya 1980 na leo kutawala mbio za Olimpiki, limepinda kama kijiko na hupigwa likitanuka kutoka ubavuni mwa chombo, si likivutwa sambamba nacho. Kwa mwendo wa mbele halina mpinzani. Lakini wimbi likikupiga ubavuni ukataka kulaza bapa juu ya maji usipinduke, ukingo wake uliopinda huelekea kuzama.