Uvimbe ukipungua si kupona

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba mtu mzima aliyepigwa na mwenzi wake hupona uvimbe unapopungua, na kwamba anayeendelea kuumia ni mdhaifu. Si kweli. Mwili uliozoea hatari hubaki macho hata hatari inapoondoka: usingizi hukatika, mlango ukibamizwa moyo huenda mbio, na kumbukumbu hurudi bila kuitwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wana uwezekano wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, unaokaribia mara 2 ya wengine. Wanaume nao huumia, ingawa wengi hunyamaza. Kumwambia aliyepigwa “vumilia” ni kumwongezea mzigo, ilhali tiba ya mazungumzo ipo na husaidia, hasa akishafika mahali salama.