Je, Wajua Kwa Nini Mwasisi wa Goju-ryu Hakumvisha Mwanafunzi Wake Yeyote Mkanda Mweusi?

Mtu akisema kwamba anafanya karate, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: umefika mkanda gani? Ni nadra aulizwe anajua kata ngapi, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa, au mwalimu wake alifundishwa na nani. Rangi ya kitambaa kilichofungwa kiunoni ndiyo imekuwa kipimo, na mkanda mweusi ndio unaohesabiwa kuwa mwisho wa safari. Kwa sababu hiyo wengi hushangaa wakisikia kwamba Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, mojawapo ya mitindo mikubwa ya karate duniani, alifundisha mpaka alipofariki mwaka 1953 bila kumtunuku mwanafunzi wake hata mmoja daraja la mkanda mweusi. Wanafunzi hodari hakuwakosa, kwa kuwa baadhi yao ndio walioutawanya mtindo huo ulimwenguni. Jibu linapatikana tukitenganisha mambo mawili ambayo leo yanaonekana kuwa kitu kimoja, yaani mtindo wenyewe na ngazi ya mikanda, kwani kila kimoja kilizaliwa mahali pake, kwa watu wake, na kwa haja yake.

Goju-ryu ilitoka Naha, mji wa bandari katika kisiwa cha Okinawa. Kisiwa hicho kilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China kwa karne nyingi, ukavamiwa na jeshi la Satsuma kutoka Japani mwaka 1609, na hatimaye ukafanywa mkoa wa Japani mwaka 1879. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana namna bandari inavyowabadilisha wakazi wake, maana chombo kinacholeta vitambaa na vyungu huleta pia maneno, mapishi na ujuzi wa watu wa mbali. Kanryo Higaonna, aliyezaliwa Naha mwaka 1853, alivuka bahari akaenda Fuzhou, katika mkoa wa Fujian kusini mwa China, akajifunza mapigano kwa mwalimu anayekumbukwa Okinawa kwa jina la Ryu Ryu Ko. Aliporejea nyumbani alifundisha kile kilichokuja kuitwa Naha-te, maana yake mkono wa Naha.

Miyagi, aliyezaliwa Naha mwaka 1888, alipokewa na Higaonna akiwa na umri wa miaka 14, akakaa naye hadi mwalimu huyo alipofariki, muda wa miaka ipatayo 13. Hapo inafaa tusimame kidogo, kwa sababu namna Higaonna alivyofundisha ndiyo inayoeleza kwa nini hakukuwa na haja ya mikanda. Msingi wa mafunzo yake ulikuwa kata moja fupi iitwayo Sanchin, jina lenye maana ya vita vitatu. Mwanafunzi huvua nguo ya juu, husimama vidole vya miguu vikiwa vimeelekea ndani kidogo, magoti yamekunjwa, mapaja yamebanwa, kisha husogea hatua chache tu mbele na kugeuka, akivuta na kutoa pumzi kwa nguvu ambayo mtu aliye upande wa pili wa ukumbi huisikia. Mwalimu humzunguka na kumpapasa mabega, mgongo na tumbo, humpiga makofi ya mabegani, humgusa paja kwa mguu, akitafuta mahali ambapo misuli imelegea au pumzi imekatika. Aliyebweteka wiki mbili hawezi kuficha. Mwili wake umeshasema kabla yeye hajafungua kinywa.

Zana za mazoezi nazo zilikuwa za namna hiyohiyo. Palikuwa na mitungi ya udongo iitwayo nigiri game, ambayo mwanafunzi huishika kwa kubana ukingo wa mdomo wake kwa ncha za vidole, mmoja kila mkono, kisha akatembea nayo polepole katika mkao wa Sanchin bila kuinua mabega. Vidole vikizoea, mwalimu huongeza mchanga ndani ya mtungi. Ukingo wa mtungi ni laini, jasho hulowesha vidole, na uzito huvuta kuelekea chini, hata mtu mwenye kifua kipana hujikuta ameuweka mtungi chini kabla ya yule mwembamba aliyefanya zoezi hilo mwaka mzima. Katika mazingira ya aina hii, wanafunzi wakiwa wachache na mwalimu akimjua kila mmoja kwa jina na kwa udhaifu wake, rangi ya kitambaa isingemwambia mwalimu lolote asilolijua. Kupandishwa daraja kulikuwa ni kupewa kata nyingine, na kata hiyo ilitolewa pale tu mwalimu alipoona kwamba ile ya kwanza imeingia mwilini.

Hata jina la mtindo lilikuja kwa sababu ya watu wa nje. Mwaka 1930 Jin'an Shinzato, mwanafunzi mkuu wa Miyagi, alionyesha karate jijini Tokyo, na baada ya maonyesho akaulizwa na mtaalamu mmoja wa sanaa za mapigano, mtindo wako unaitwaje? Shinzato hakuwa na jibu, kwa kuwa huko Okinawa watu walitaja tu mji au mwalimu. Akatunga jina la papo hapo ili asiaibike, na aliporudi akamsimulia Miyagi. Miyagi hakumlaumu. Aliona kwamba sanaa hiyo ikitaka kusimama pamoja na judo na kendo ilihitaji jina, akalichukua kutoka katika Bubishi, maandishi ya zamani ya Kichina yaliyothaminiwa sana na walimu wa Okinawa. Humo mna mstari unaosema kwamba njia ya kuvuta na kutoa pumzi imo ndani ya ugumu na ulaini. Go ni ugumu, ju ni ulaini, na ryu ni mtindo au chuo. Mwaka 1933 Goju-ryu iliandikishwa kwa jina hilo katika Dai Nippon Butoku Kai, chama kikuu cha sanaa za mapigano cha Japani, kilichokuwa na makao yake Kyoto.

Sasa tugeukie mikanda, ambayo asili yake ni judo. Jigoro Kano alianzisha chuo chake cha Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, na tofauti na walimu wa Okinawa, yeye alitaka sanaa yake ifundishwe kwa umma mkubwa na hatimaye mashuleni. Mwenye wanafunzi wengi anahitaji njia ya kujua nani yuko wapi. Kano aliazima mfumo wa dani, yaani ngazi, ambao Wajapani walikuwa wakiutumia tangu zamani kuwapanga wachezaji wa go, mchezo wa ubao unaochezwa kwa kete nyeusi na nyeupe. Mwaka 1883 aliwapa dani ya kwanza wanafunzi wawili, Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo, na miaka michache baadaye wenye dani wakaanza kufunga mshipi mweusi ili watambulike kwa urahisi ukumbini. Rangi nyingi tunazoziona leo zilichelewa zaidi, na hazikuanzia Japani. Zilishika mizizi Ulaya, kwanza katika klabu ya Budokwai ya London katika miaka ya 1920, kisha Paris katika miaka ya 1930 kupitia mwalimu wa judo Mikonosuke Kawaishi, kwa wanafunzi waliohitaji kuona hatua zao bila kusubiri miaka mingi.

Ukijua historia hiyo, ile hadithi maarufu inayosema kwamba zamani kulikuwa na mkanda mweupe tu, ukachafuka kwa jasho na vumbi mpaka ukawa mweusi, haisimami. Ni hadithi tamu, na nimewahi kuisikia ikisimuliwa na walimu ninaowaheshimu, lakini mshipi mweusi uliwekwa kwa makusudi na mtu anayejulikana, katika kipindi kinachojulikana, tena katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ambako usafi wa mavazi ni sehemu ya adabu.

Mfumo wa Kano uliingia katika karate kupitia mtu mwingine wa Okinawa, Gichin Funakoshi wa Shuri, aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate na kuialika Japani yote iitazame. Alifahamiana na Kano, akalifuata vazi la judo alipochagua vazi la wanafunzi wake, na mwezi wa Aprili 1924 akawapa baadhi yao mikanda myeusi ya kwanza katika historia ya karate. Butoku Kai nayo ilipenda vyama vyenye vazi maalumu, jina, na madaraja yanayoeleweka.

Miyagi aliyajua yote haya. Kano mwenyewe alipozuru Okinawa mwaka 1927, Miyagi ni mmoja wa walioonyesha karate mbele yake. Wala hakuwa mtu wa kukataa kila kitu cha kiserikali, kwa kuwa mwaka 1937 alipokea kutoka Butoku Kai cheo cha kyoshi, yaani mkufunzi wa daraja la juu. Alichokikataa ni kuwapa wanafunzi wake dani kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wake walisimulia kwamba aliogopa watu wangeanza kupimana kwa daraja badala ya tabia, kwamba aliye na namba kubwa angemdharau aliye na namba ndogo. Naamini hofu hiyo ilikuwa ya haki, na yeyote aliyekaa katika dojo kubwa ameshaona walau mara moja mtu akibadilika sauti siku anayofungwa mkanda mpya.

Kisha vita ikaja. Shinzato, aliyetarajiwa kuurithi uongozi wa mtindo, aliuawa mwaka 1945 wakati wa vita ya Okinawa. Butoku Kai ikavunjwa mwaka 1946 chini ya utawala wa Wamarekani. Miyagi akarudi kufundisha kikundi kidogo uani kwake, na alipofariki Oktoba 1953 hakuacha cheti wala orodha ya madaraja iliyoonyesha nani anamfuata. Wanafunzi wake wakaanzisha vyuo vyao: Eiichi Miyazato akafungua Jundokan huko Naha, Meitoku Yagi akawa na Meibukan, Seikichi Toguchi akawa na Shoreikan, na Gogen Yamaguchi akaieneza Goju-kai katika visiwa vikuu vya Japani. Mwaka 1956 walimu wa mitindo mbalimbali ya Okinawa waliunda shirikisho, na baada ya hapo utoaji wa dani ukawa jambo la kawaida kisiwani. Karate ilikuwa inavuka mipaka, wanafunzi wa kigeni walitaka cheti cha kurudi nacho kwao, na mwalimu aliye Naha hangeweza kumpapasa mabega kila mwanafunzi aliye ng'ambo ya bahari.

Ngazi inayotumika leo ina sehemu mbili zinazokwenda kinyume. Kabla ya mkanda mweusi mwanafunzi huhesabiwa kwa kyu, na hesabu hiyo hushuka, kwa kawaida kutoka kyu ya 10 hadi ya kwanza. Baada ya hapo huhesabiwa kwa dani, nayo hupanda kutoka ya kwanza hadi ya 10. Rangi za kyu hutofautiana kutoka chama hadi chama. Vipo vinavyotumia nyeupe, njano, chungwa, kijani, bluu na kahawia, ilhali dojo nyingi za Okinawa zimezoea rangi chache tu kwa watu wazima, nyeupe, kijani na kahawia, na kuwaachia watoto rangi nyingi. Sioni ubaya wa kumpa mtoto wa miaka minane kitu cha kukitazamia kila baada ya miezi kadhaa. Ubaya huanza mtihani unapogeuka biashara na hakuna anayeshindwa.

Kinachopimwa kimebaki karibu na kile cha Higaonna. Anayeanza hufundishwa Gekisai, kata mbili ambazo Miyagi alizitunga mwaka 1940 ili vijana wapate mlango mwepesi wa kuingilia. Kisha hufuata Saifa, Seiyunchin na nyinginezo, na juu kabisa iko Suparinpei, ambayo jina lake ni namba 108 kwa matamshi yenye asili ya Kichina, kama vile Sesan ilivyo 13, Seipai 18 na Sanseru 36. Sanchin haiachwi. Mwenye kyu ya 10 huifanya na mwenye dani ya nane huifanya, mtihani kwa mtihani. Kutoka dani moja kwenda nyingine, vyama vingi hutaka miaka ya mazoezi inayolingana na namba ya dani inayotafutwa: miwili kwa ya pili, mitatu kwa ya tatu, na kuendelea.

Wajapani hawaiiti dani ya kwanza kwa neno lao la kawaida la moja, ambalo ni ichi. Huiita shodan, na hiyo sho huandikwa kwa herufi yenye maana ya mwanzo. Anayefungwa mkanda mweusi anaambiwa kwa lugha iliyo wazi kwamba sasa amemaliza kujiandaa na masomo yanaanza. Mkanda wenyewe huuonyesha muda huo, kwani ile mikanda iliyofunikwa kwa kitambaa cha hariri au satini huanza kuchakaa pale fundo linapokaa, weusi ukakatika uzi kwa uzi, na pamba nyeupe iliyo ndani ikajitokeza.

Mwaka 1963, miaka 10 baada ya kifo cha Miyagi, familia yake ilimkabidhi Meitoku Yagi vazi la mazoezi la marehemu pamoja na mshipi wake. Ndivyo mshipi kutoka kwa Miyagi ulivyomfikia mwanafunzi, na uliletwa na jamaa zake.