Taa nyekundu ni ya karatasi, si ya filamu

Nimeulizwa tena: "Nilifungua kaseti ya filamu kwenye taa nyekundu tu, mbona filamu nzima imetoka nyeusi?"

Imetoka nyeusi kwa sababu umeiunguza kwa mwanga. Taa nyekundu ni ya karatasi, ile ya kuchapishia picha za nyeusi na nyeupe, ambayo haioni wekundu. Filamu ya kawaida ni pankromatiki, yaani imetengenezwa makusudi ione rangi zote, na nyekundu imo. Isingeiona, kila nyanya uliyopiga picha ingetoka nyeusi kama lami. Filamu ya rangi ni hivyo hivyo.

Najua wazo hili linatoka wapi. Kwenye sinema mpiga picha husimama gizani akimulikwa na wekundu, na mtazamaji hudhani kazi yote hufanyika hivyo. Yule anachapisha, filamu yake ilishasafishwa zamani. Halafu kuna wabishi: "Lakini taa yangu ni hafifu mno." Ndugu yangu, filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kuona mwanga) inatosheka na mwanga wa sehemu ya 1/125 ya sekunde kupitia tundu dogo la lenzi. Wewe umeianika chini ya taa dakika mbili nzima ukihangaika na rili, kile kigurudumu cha kuzungushia filamu wakati wa kuisafisha, kisha unaniambia ulifanya haraka!

Zipo filamu za ortho, zisizoona wekundu, zinazovumilia taa nyekundu iliyokolea. Mwenye nazo anajijua.

Sasa giza lenyewe. Zima taa, kaa dakika tano au zaidi macho yazoee, karatasi nyeupe ikiwa mbele yako. Ukianza kuiona, bado hujapata giza. Mara nyingi mwanga hupenya chini ya mlango. Vua saa yenye mishale inayong'aa, na simu ibaki nje. Mfuko wa giza, ule usiopitisha mwanga unaoingiza mikono tu, nao unatosha kabisa, ila mikono hutoka jasho humo ndani, na filamu ikishika unyevu hung'ang'ania kwenye rili ya plastiki.

Kufungua kwenyewe si kazi. Kaseti ishike upande wenye ncha inayochomoza ya spuli, kile kijiti ambacho filamu imezungushiwa, kifuniko cha upande wa pili king'oe kwa opena ya chupa, sukuma spuli itoke. Mwishoni filamu imebandikwa kwa utepe: kata, usibandue. Ukiubandua kwa nguvu utaona mwanga wa kibuluu ukimulika gizani, na vitabu vinaonya kwamba unaweza kuacha alama. Mimi nimeuona mwanga huo mara nyingi, na sijapata negativi yenye doa ninaloweza kuapa kuwa limetokana nao. Hata hivyo nakata.

Wengine hawavunji kaseti kabisa. Wanauvuta ulimi wa filamu, yaani ncha yake ya mwanzo, nje taa ikiwaka, wanaukata wima, wanazungusha pembe kidogo, wanauingiza kwenye rili, ndipo wanazima taa na kuvuta iliyobaki. Kwa anayeanza ni njia nzuri, kwa sababu kuingiza filamu kwenye rili ndiko kunakowatoa watu machozi. Ila toa ulimi tu, maana ukizidisha, picha ya kwanza imekwenda. Tena filamu itapita kwenye mahameli ya kuzuia mwanga ya mdomo wa kaseti kwa mara ya tatu, baada ya kutoka na kurudi ndani ya kamera, na punje moja ya mchanga humo inachora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo tunavyosema. Ukweli ni kwamba nikiletewa negativi yenye mstari wa hivyo, siwezi kujua kama ni mahameli au ni bamba la nyuma la kamera linaloikandamiza filamu. Kwa hiyo navunja kaseti, na sigombani na wanaovuta, mradi wavute polepole.

Na mkasi uwe wa ncha butu, uwekwe mahali mkono unapoufikia bila kupapasa. Mkasi mkali gizani, katikati ya vidole kumi na zaidi ya mita moja na nusu ya filamu inayojikunja ovyo, sitaki hata kuufikiria.