Ua la vijito si mgeni kutoka ng'ambo

Hapa Dodoma, wauzaji wengi wa miche ya maua huamini kwamba Impatiens walleriana, ule mmea wa kivulini wenye maua ya waridi, mekundu au meupe, uliletwa na Wazungu. Imani hiyo ina kisingizio chake, kwa kuwa mji wetu hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na mmea huu hunyauka upesi usipomwagiliwa. Hata hivyo, asili yake ni misitu yenye unyevu na kingo za vijito vya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker aliuita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wageni ndio waliouchukua kwetu.

Wengine huuchanganya na vinka, ambao kweli ulitoka Madagaska na hustahimili jua la Dodoma. Kata shina: la vinka hutoa utomvu mweupe, ilhali la mmea wetu limejaa maji na karibu unaona ndani yake. Kisha geuza ua, utazame nyuma yake. Utakuta mkia mwembamba uliopinda, wenye urefu wa sentimita 3 hadi 4, unaohifadhi nekta. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote. Tunda lililokomaa, ukiligusa tu, hupasuka ghafla na kurusha mbegu.