Ngome ya Conwy haikuwa ya kijivu

Jamani, Conwy ilipakwa chokaa. Kwa nje. Kila mchoro, kila filamu, kila mchezo wa kompyuta unatuletea ngome ya Wales iliyo jiwe tupu la kijivu, na ukisema ilikuwa nyeupe unajibiwa, "Mbona mawe tunayaona?" Mnayaona kwa sababu mvua imekula chokaa na hakuna aliyerudia kupaka. Mabaki yake bado yameng'ang'ania ukutani. Mwenye macho na aangalie.

Historia niipitie mbio. Edward I, mfalme wa Uingereza, aliwahamisha watawa wa Aberconwy waliokuwa na nyumba yao hapo, na kati ya 1283 na 1287 waashi wa James wa Saint George, fundi kutoka Savoy, wakasimamisha juu ya mwamba minara minane na ukuta wa mji wa kilomita 1.3. Gharama ilifika kama pauni 15,000. Mawe mengi yalichimbwa palepale. Yale laini, ya kuchongea madirisha, yaliletwa kutoka Creuddyn, Chester na Wirral. Yakumbukeni hayo laini, nitayarudia.

Chokaa haikuwa urembo tu. Ukuta wa ngome si jiwe moja nene. Ni nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi kilichoshikwa na chokaa. Mvua ya pale haishuki, inasukumwa ubavuni na upepo wa bahari. Ikipenya kwenye maungio inafika kwenye kifusi, inayeyusha chokaa kidogo kidogo, na ukuta unaoza tumboni huku uso ukionekana mzima. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa: nyumba ya matumbawe bila lipu ya chokaa haifiki mbali. Na Conwy si peke yake. Kule Monmouthshire, kusini-mashariki mwa Wales, kuna ngome ambayo jina lake lenyewe ni White Castle, yaani Ngome Nyeupe, na mabaki ya weupe wake yapo hadi leo. Mwaka 1240 Henry III aliagiza mnara mkuu wa London upakwe chokaa, na mifereji ya paa irefushwe ili maji yasichirizike kwenye rangi mpya. Mfalme anahangaikia mifereji! Halafu mnaniambia watu wale walipenda jiwe tupu.

Sasa linalonichefua zaidi: "Basi tuzibe maungio kwa saruji, ndiyo imara." Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida ya leo, ilipata hati miliki mwaka 1824. Conwy ilikuwa imesimama zaidi ya miaka 500 bila hiyo. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapitisha mvuke, kwa hiyo maji yaliyoingia yanatokea kwenye ungio, na kinacholika ni ungio. Huo ndio mpango: ungio ni la kubadilishwa, jiwe si la kubadilishwa. Ukiweka saruji, maji yanakosa mlango na kutokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi inaganda ndani ya vinyweleo vyake, baridi inageuza maji kuwa barafu, barafu inatanuka kwa karibu asilimia 9, na uso wa jiwe unabanduka kama ganda la kitunguu. Yale mawe laini ya madirisha ndiyo yanayotangulia. Mwishowe saruji inabaki imetokeza kama fremu, jiwe limerudi ndani.

Kazi yenyewe si siri. Chimba ungio hadi kina mara mbili ya upana wake, osha, lowesha. Changanya sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga mkali wenye punje za kila saizi. Mchanga wa punje moja unapasuka. Kandamiza kwa nguvu, funika kwa gunia bichi siku kadhaa, maana chokaa hukaza polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani na ikikaushwa haraka inakuwa vumbi. Chini ya nyuzi 5 usiguse kitu. Ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono (yaani tabaka) minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Wenye haraka hupaka mkono mmoja mzito, kisha wanailaumu chokaa inapobanduka.

Je, ningeipaka Conwy tena leo? Hapo najikuna kichwa. Risasi ya mapaa (ile metali, si ya bunduki) iling'olewa mwaka 1665, na tangu hapo maji yanaingia kutoka juu. Ukipaka ubavu bila kulinda kichwa cha ukuta, umemvika mtu koti ukamwacha bila kofia. Na saruji iliyokwisha kukaza, mara nyingine kuing'oa kunavunja kingo za jiwe zaidi kuliko kuiacha. Nikigonga patasi mara tatu na ukingo ukaanza kumeguka, naiweka patasi chini.