"India itafunga bomba, Pakistan ife kiu": yasemwayo na yalivyo kuhusu maji ya Indus

Kila India na Pakistan zinapokwaruzana, magrupu ya WhatsApp hujaa wataalamu wa mito. Mwaka 2025 walizidi. Watu 26 waliuawa Pahalgam, katika Kashmir, eneo ambalo nchi zote mbili zinaligombea, tarehe 22 Aprili. Kesho yake India, ikiilaumu Pakistan, ikatangaza kuusimamisha mkataba wa 1960 wa maji ya mto Indus, na kabla jua halijatua tulikuwa tumeshaambiwa kwamba Pakistan inageuka jangwa. Nimeokota yale yanayorudiwa sana. Baadhi yana chembe ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo magumu kuyasahihisha.

"Ugomvi wa maji ulianzia Kashmir"

Ulianzia kwenye mifereji ya Punjab. Jina hilo ni la Kiajemi, maana yake maji matano, na mito hiyo mitano yote humwaga maji yake katika Indus. Tangu karne ya 19 Waingereza walichimba huko mifereji mikubwa mno, wakageuza nyika kavu kuwa mashamba ya ngano na pamba. (Wengi wa waliokuja kujenga reli ya Mombasa kuanzia 1896 walitoka Punjab hiyo hiyo na kupandia meli Karachi. Ndiyo maana baadhi ya familia za Kihindi za Nairobi zina kijiji cha babu ambacho leo kiko Pakistan.) Mifereji ilijengwa kama skimu moja: banio huku, mashamba kule. Hakuna aliyewaza kwamba kati ya banio na shamba utakuja kupita mpaka wa nchi.

Agosti 1947 Waingereza waliondoka, koloni lao likagawanywa kuwa India na Pakistan, na mpaka ukapita. Banio la Madhopur kwenye mto Ravi na lile la Ferozepur kwenye Sutlej yakaangukia India. Mashamba mengi yaliyokuwa yakinywa maji yake, mpaka upande wa Lahore, yakawa ya Pakistan. Wakubwa wa pande mbili wakakubaliana mambo yaendelee kama zamani hadi 31 Machi 1948. Muda ukaisha, mkataba mpya hakuna, na tarehe 1 Aprili serikali ya Punjab Mashariki, ile ya upande wa India, ikafunga malango. Maji hayakurudishwa mpaka baada ya wiki kadhaa za mazungumzo, na makubaliano ya tarehe 4 Mei yakaitaka Pakistan itoe fedha kwa ajili yake. Mkulima wa chini ya mto alikuwa ameshaonyeshwa nani ameshika funguo.

Kashmir ilikuwa na vita yake tangu Oktoba 1947. Inaingia kwenye habari ya maji kwa sababu Indus, Jhelum na Chenab zote hupita huko kabla ya kufika Pakistan.

"Radcliffe alichora mpaka bila kujua kama kuna mifereji"

Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria wa London ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India, alifika tarehe 8 Julai 1947. Mpaka wake ukatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Wiki tano na ushei kugawa majimbo mawili, Punjab na Bengal, yenye mamilioni ya watu! Lakini mifereji aliijua vizuri. Katika uamuzi wake wenyewe aliandika kwamba mstari hauwezi kukwepa kukata mifereji, reli na nyaya za umeme, akaelezea tumaini lake kwamba nchi mbili zitakubaliana kuvisimamia kwa pamoja. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko kutojua. Jeraha aliliona, akaliachia tumaini.

"Mkataba wa 1960 uligawa maji, asilimia 80 kwa Pakistan na 20 kwa India"

Hapa ndipo hata magazeti hukosea. Asilimia hizo ni matokeo ya hesabu tu. Mkataba haukugawa maji, uligawa mito.

Mwaka 1951 Mmarekani David Lilienthal, aliyewahi kuongoza mamlaka ya bonde la Tennessee, alipendekeza Indus iendeshwe kama bonde moja, mafundi wa pande zote wakiwa meza moja. Benki ya Dunia ikaingia kati kusuluhisha. Wazo la bonde moja lilikufa mapema, maana watu waliotoka kuchinjana hawaendeshi bwawa pamoja. Kilichotiwa saini Karachi tarehe 19 Septemba 1960, na Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India, na Ayub Khan, rais wa Pakistan, ni kama mirathi ya ndugu wasiosemezana. Hawagawani nazi kila msimu; huyu anachukua minazi ya mashariki, yule ya magharibi. Ravi, Beas na Sutlej zikaenda India. Indus, Jhelum na Chenab zikaenda Pakistan.

Linganisha na Misri na Sudan, ambazo miezi kumi tu kabla ya hapo, Novemba 1959, zilikuwa zimegawana Nile kwa kipimo: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan. (Sisi wa huku juu ya mto hatukualikwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Kwenye Indus hakuna fungu la namna hiyo kati ya nchi hizo mbili. Ndiyo maana Pakistan ililazimika kuchimba mifereji ya kuyatoa maji kwenye mito ya magharibi na kuyapeleka kwenye mashamba yaliyozoea ya mashariki, na kujenga mabwawa ya Mangla na Tarbela. India ilichangia pauni milioni 62 kwa awamu kumi za mwaka mwaka, na wafadhili wakabeba sehemu kubwa ya gharama.

Mito ya magharibi nayo haikufungwa kabisa kwa India. Inaruhusiwa kuzalisha umeme kwa maji yanayopita, kumwagilia eneo lenye kikomo, na kuhifadhi kiasi kilichowekewa ukomo. Kesi zote kubwa zilizofuata, za mabwawa ya umeme ya India ya Baglihar, Kishanganga na Ratle, zimetoka hapo. Wanabishana juu ya ukubwa wa bwawa na jinsi malango yake yanavyokaa, kwa sababu lango likikaa chini sana, aliye juu anaweza kulikausha bwawa na kulijaza tena atakapo.

"India ikifunga malango, Pakistan imekwisha"

Chukua Baglihar kwenye mto Chenab. Mwaka 2007 mtaalamu asiyeegemea upande, Raymond Lafitte wa Uswisi, aliamua kwamba maji ambayo bwawa hilo linaweza kuyashika na kuyaachia kwa uendeshaji yasizidi mita za ujazo milioni 32.56. Zinasikika nyingi. Mto ukipitisha mita za ujazo 700 kwa sekunde, hujaza nafasi hiyo kwa takriban saa 13. Baada ya hapo maji yatapita tu, upende usipende. Mto mkubwa wa milimani si bomba la jikoni, na kuuchepusha kunataka mahandaki na miaka mingi ya ujenzi.

Chembe ya ukweli ni hii: wakati wa baridi mto hupungua, na ngano hupandwa majira hayo hayo. Maji yakichelewa siku chache, au yakija yote kwa mpigo, shamba linaumia hata kama jumla ya mwaka haikupungua hata tone.

"Mkataba umeshafutwa"

Mkataba hauna kifungu cha kujitoa upande mmoja. Ibara ya 12 inasema utaendelea hadi nchi mbili zenyewe zitie saini mwingine. Ulivuka vita vya 1965, 1971 na 1999. India sasa inasema imeusimamisha. Pakistan inasema hakuna kitu kama hicho, na Mahakama ya Usuluhishi, inayosikiliza kesi za Kishanganga na Ratle, ilisema Juni 2025 kwamba tangazo la India haliiondolei mamlaka yake. India haiitambui mahakama hiyo.

"Shida hii ni ya India na Pakistan tu"

Mgawanyo wa 1947 ulikata Bengal pia, na upande wake wa mashariki ndio Bangladesh ya leo. Banio la Farakka, lililoanza kazi 1975 ili kusukuma tope kwenye bandari ya Kolkata, liliigombanisha India na Bangladesh hadi mkataba wa Ganges wa Desemba 1996. Ule ulipewa miaka 30, hebu hesabu mwenyewe. Mto Teesta haujapata wake mpaka leo.

"Pakistan ilipata mito minono, haina cha kulalamikia"

Nenda Lahore. Mji umekaa kandokando ya Ravi, na Ravi ni ya India kwa mkataba. Nje ya masika, kinachopita hapo kwa sehemu kubwa ni majitaka. Watu wakajenga nyumba mpaka kwenye kitanda cha mto, wakidhani umekufa.

Mwishoni mwa Agosti 2025 mvua za monsuni zikajaza mabwawa ya India, na Ravi ikarudi kudai nafasi yake. Mitaa ile ikazama. Onyo la mafuriko la India lilifika Pakistan siku hizo, ila halikupitia kwa makamishna wa Indus, waliowekwa na mkataba kwa kazi kama hiyo. Lilipelekwa na ubalozi.